Sauti Iliyokuwa Ikiita Ndani ya Chumba Kiziwi

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, usijilaumu. Nitakurudisha njiani kwa maneno machache.

Mimi ni mhandisi wa mawasiliano yasiyotumia waya, mke wa mwalimu wa hesabu, na sikio langu la kulia limekuwa zito tangu utotoni. Nimebuni antena bapa yenye umbo la sinia lililotobolewa matundu, na kwa kuwa hatukuwa na jina la maana zaidi, tukaiita Sinia. Kazi yake ni kusikia simu dhaifu iliyo mbali na mnara, pale ambapo simu za watu huandika kwamba hakuna mtandao. Inaitafuta sauti ile ndani ya kelele zote, inaigeuzia sikio bila yenyewe kusogea, na watu wanaongea.

Kisha kampuni ya jengo la vioo, majirani zetu wa ng'ambo ya barabara, wakajitokeza hadharani na Sinia yangu. Matundu yaleyale, mpangilio uleule, jina tu ndilo jipya. Wakawahi kuomba hataza, ile haki ya kuandikwa kwamba jambo hili limebuniwa na fulani. Ukichelewa hapo, mtoto uliyemzaa wewe anaitwa kwa ubini wa jirani.

Nikatafuta mwizi. Nikampata, au nilidhani nimempata. Alikuwa fundi wetu wa kuunganisha vyuma, tuliyezoea kumwita Lehemu. Nilimshuku kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu: Lehemu alikuwa akijua siri yangu moja, nikasema moyoni aliyebeba moja anaweza kuuza ya pili. Nilimnyooshea kidole mbele ya watu wote, akafukuzwa. Alitundika koti lake la kazi ukutani, akachukua chupa yake ya chai, akaondoka bila kunijibu.

Nami nikalala usingizi mnono. Huo ndio usingizi ulionitokea puani.

Ilikuwa siku moja kabla ya kikao cha kuamua Sinia ni ya nani. Bosi wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamuru magari, aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, akaniwekea simu yake mezani.

"Injinia, umeiona hii?"

Ilikuwa picha ya Sinia ya majirani. Ileile, ila sasa imekatwa pembe zake nne.

Wazo la kukata pembe lilinijia Lehemu akiwa ameshafukuzwa. Nililitamka mara moja tu, tukiwa watatu: mimi, Bosi, na Shemeji, mwandishi wetu wa programu.

"Kwa hiyo si Lehemu," nikasema.

"Kwa hiyo si Lehemu," akarudia Bosi, akinitazama zaidi ya nilivyopenda. "Na kesho tukienda pale mikono mitupu, Sinia ni yao. Kumbukumbu zetu waamuzi wamezikataa, wanasema tunaweza kuziandika upya jinsi tunavyotaka. Wanataka tuonyeshe wazo lilitokaje kwetu likafika kwao. Tusipoonyesha, basi."

Mtu akishaanza kushuku, hata kikohozi kina maana. Nilimtazama Bosi. Mbona mkoba wake ni mkubwa hivyo? Mbona siku hizi anafika kazini kabla yetu? Halafu nikakumbuka kwamba yeye naye ananitazama, na huenda anajiuliza mbona ninamtazama.

"Tusiulizane," nikasema. "Tuiulize Sinia."

Hapo lazima nikueleze chumba chetu. Kila anayefanya utafiti wa mawimbi anahitaji mahali ambapo wimbi la nje haliingii na la ndani haligongi ukuta likarudi. Sisi tulikuwa nacho: chumba chenye mlango wa shaba mnene kama godoro, kuta zimejaa mapembe ya sponji nyeusi. Ukiongea ndani, sauti yako inadondoka miguuni. Tulikiita chumba kiziwi. Nilipenda kusema kwamba mimi na chumba kile tunaelewana kwa kuwa tumefanana.

Simu haziingii. Nje ya mlango kuna sanduku, kila mtu anaacha simu yake humo. Kila asubuhi, kabla ya kazi, tunapima ukimya wa chumba, tunaiambia kompyuta: hiki ndicho kimya chetu, kitoe katika kila utakachosikia leo.

Na kimya kile nilikipima mimi, nikiwa ndani. Hiyo ilikuwa kanuni yangu mwenyewe. Mwili wa mtu hunywa mawimbi, na kwa kuwa ni mimi ninayeishika Sinia katika kila jaribio, nilitaka mwili wangu uhesabiwe kuwa sehemu ya kimya. Niliwahi hata kusifiwa kwa kanuni hiyo kwenye mkutano wa wataalamu. Watu walipiga makofi.

"Leo tutakipima chumba kikiwa kitupu," nikasema. "Halafu tuingie mmoja mmoja. Neno lililotamkwa mara moja limefika kule zima; huenda kuna kinasa sauti, na mwenye kukibeba Sinia itamsikia tu."

Shemeji alikuwa kwenye kompyuta nje ya chumba. Ni mdogo wake mume wangu, mcheshi, mtu wa kukuletea chai hata hujaomba. Kazi ile nilimtafutia mimi. Aliposikia nilivyosema akaacha kuchapa.

"Shemeji, chumba kitupu kitatupa hesabu mbovu. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

"Nimesema mengi."

"Lakini kanuni ni kanuni."

"Leo hatupimi antena, tunapima watu. Funga mlango."

Nilifurahi moyoni, mjinga mie. Nikajisemea, angalau huyu wa kwetu anaheshimu utaalamu.

Tukapima kimya. Mstari kwenye kioo cha kompyuta ukalala chini kama uzi uliodondoka.

Bosi akatangulia. Nikafunga mlango, nikausubiri mstari uruke. Nakiri kwamba niliomba uruke. Haukuruka. Bosi akatoka akiwa amevimba uso.

"Umeridhika?"

"Samahani, mama. Ni utaratibu."

Shemeji akaingia. Mstari ukabaki umelala. Akatoka akicheka, akajifuta jasho, akasema humo ndani kuna joto la kutosha kukaushia nguo.

"Haya, na mimi," nikasema. Niliingia kama mtu anayetia sahihi tu kumaliza jambo. Nikasimama mbele ya Sinia, mikono nyuma.

Ndani kuna kioo kidogo cha kompyuta. Niliona mstari ukipanda.

Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kwa mapigo ya namna moja. Niliwahi kuona mstari wa namna ile mara nyingi. Ni kifaa kinachomwita mwenzake, hakijibiwi, kinaita tena. Nikasogea kushoto, Sinia ikageuza sikio ikanifuata. Nikasogea kulia, ikanifuata.

Mlango ukafunguliwa. Bosi alisimama pale amekunja mikono.

"Injinia," akasema, taratibu kabisa, "baki hapohapo. Usiguse kitu."

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, lakini huu nilikuwa nimeutega mimi, nikaweka na chambo.

"Bosi, naapa sijui hiki ni nini."

"Vua saa."

Nikavua. Nikavua pete, mkanda, viatu, kalamu ya mfukoni. Kila kitu alikipokea akakitoa nje, akafunga mlango, tukatazama. Mstari uko palepale. Nilibaki na gauni na miguu mitupu kwenye sponji, machozi yakinitoka. Bosi akaninyooshea kidole sikioni.

"Na hiyo."

Mashine yangu ya sikio. Naivaa kuanzia naamka mpaka nalala. Hakuna aliyewahi kuniambia niiache kwenye sanduku la simu, kama ambavyo hakuna anayemwambia mtu aache mguu wake nje. Isitoshe, ilikuwa ya aina ya zamani isiyo na mawasiliano yoyote. Niliichagua hivyo makusudi, kwa sababu ya kazi.

Nikaivua, dunia ikapungua nusu. Niliiweka kwenye kinara mbele ya Sinia, nikatoka, tukafunga mlango. Chumba hakina mtu. Mstari unapanda, unashuka, unapanda.

Wazee walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa sikioni, na ni mimi niliyekuwa nikikipeleka kazini kila siku. Asubuhi nilikuwa nasimama nacho chumbani, naiambia kompyuta kwamba hiki ndicho kimya chetu. Wimbi la mwizi nililitoa kwenye hesabu kwa mkono wangu, kila siku, na watu wakanipigia makofi.

Bosi alileta bisibisi ndogo, akaifungua mashine juu ya meza. Chini ya betri palikuwa na kitu cheusi, chembamba kuliko ukucha, ambacho mashine haikutoka nacho kiwandani.

Nikakumbuka. Miezi kadhaa nyuma mashine ilianguka ikavunjika kifuniko. Mume wangu akasema, usijisumbue, nitampa mdogo wangu aipeleke kwa fundi. Ikarudi imepona. Nilimshukuru Shemeji. Nilimpikia.

Nikageuka. Shemeji alikuwa amesimama karibu na sanduku la simu.

"Iacheni Sinia iwake," nikasema. "Na mlango uwe wazi."

Nilikuwa nataka kujua yule anayeitwa ni nani. Kifaa kidogo namna ile hakifiki mbali, mwenzake lazima awe humuhumu. Mlango ulipofunguliwa, kwenye kioo ukatokea mstari wa pili. Anaitwa, anaitika. Sinia ikageuza sikio kuelekea mlangoni, kwenye sanduku.

Bosi akaichukua simu yangu, akaizima. Mwitikio uko palepale. Akazima yake. Uko palepale.

"Ngoja, yangu niizime mwenyewe," akasema Shemeji.

Kuzima simu ni kazi ya kubonyeza mara moja. Yeye alibonyeza, akasubiri, akabonyeza, akasubiri tena. Bosi alipomrukia, kioo cha simu kilikuwa kimeshaandika kwamba kila kitu kimefutwa. Mstari wa pili ukafa.

"Ulikuwa unafuta nini?" nikamuuliza.

Bila mashine ninamsoma mtu midomo. Nilimsoma Shemeji akisema, "Shemeji, ni kaka."

"Kaka nani?"

"Mumeo. Yeye ndiye aliyetaka kusikia. Alikuwa na wasiwasi na wewe, akaniomba nikiweke. Mimi nilikuwa napitisha tu. Kinanasa mchana kutwa, kikifika karibu na simu yangu kinamwaga, simu inamtumia yeye."

"Na jengo la vioo? Nao walikuwa na wasiwasi na mimi?"

Alitazama viatu vyake.

"Waliniahidi kitengo. Nikiongoze mwenyewe. Hapa mimi ni shemeji wa Injinia tu, shemeji, wewe huwezi kujua. Ya nyumbani yalikuwa ya kaka. Ya kazini yalikuwa yanakuja tu yenyewe."

Sikumpiga. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumpiga. Nadhani nilikuwa bado nimekwama kwenye lile neno la kwanza, kaka.

"Kesho utayasema haya kikaoni," akasema Bosi.

"Kesho sijui lolote," akajibu, na ule ucheshi wake ukarudi kidogo. "Simu ni tupu. Kinasa sauti kimetoka sikioni kwake, si kwangu. Wakiuliza nani alikuwa akitoa siri, mtasema nini?"

Akachukua koti lake akatoka. Bosi hakumzuia. Alikaa kwenye kiti cha Shemeji, akanigeukia.

"Amesema kweli, huo ndio ubaya wake," akasema, akitamka kwa midomo mipana ili nimsome. "Tukikipeleka kifaa hiki peke yake, watasema ulijivalisha mwenyewe. Tunahitaji zile sauti. Wewe ukiiwaza Sinia kwa mdomo wako, kabla yao, na saa iliyoandikwa na mtandao, si na sisi. Amezifuta za kwake. Za mumeo je?"

Hapo ndipo nilipoelewa mkasa wangu ulivyo. Uchafu alionifanyia mume wangu ndio ushahidi pekee uliobaki duniani kwamba Sinia ni yangu.

Nilirudi nyumbani mchana, mashine ya sikio mkononi, kile cheusi kimebaki kwa Bosi. Mume wangu alikuwa mezani anasahihisha mitihani, kalamu nyekundu mkononi, miwani kwenye paji la uso. Mtu mpole. Kila tunapolala ni yeye anayeiweka mashine yangu kwenye chaji, anaifuta kwa kitambaa laini. Nilikuwa nikiwasimulia wanawake wenzangu jambo hilo nao wakinionea wivu.

Niliiweka mashine juu ya mitihani, imefunguliwa. Hakuuliza ni nini. Akaifunika kalamu.

"Mdogo wangu amenipigia," akasema.

"Basi hatuna haja ya salamu. Kwa nini, baba watoto?"

"Uliacha kuniambia mambo. Zamani ulikuwa ukirudi unasimulia mpaka chakula kinapoa. Mara kimya. Nikikuuliza, unasema umechoka. Ukiitwa huitiki. Unageuza uso. Nikasema, kuna mtu."

"Ukaamua kuingia sikioni mwangu."

"Niliogopa kukuuliza." Sauti yake ilikuwa chini, ilinibidi nimtazame midomo. "Nilidhani nitasikiliza wiki moja, niridhike, nikitoe. Nilisikia mengi mazuri. Nilikusikia ukinisifu kwa watu. Nilitaka kukitoa, nakuapia. Halafu ikaja ile siku ya mvua kubwa."

Niliijua siku hiyo.

"Asubuhi ulisema unakwenda kazini. Nikasikia sauti ya yule fundi wako, Lehemu. Anasema, twende, Injinia, tusichelewe. Nikasikia gari. Nikasikia mkicheka njiani. Halafu mnafika mahali, mlango unafungwa, yeye anakwambia, usiogope, mimi nipo hapa. Basi. Baada ya hapo kimya. Umeivua mashine, umeizima, mpaka jioni. Wewe hata ukioga unaiweka karibu. Saa zote hizo ulikuwa wapi, mama watoto? Ulikuwa na nani mpaka hukutaka kusikia?"

Msomaji wangu, hiyo ndiyo siri aliyokuwa akiijua Lehemu. Sikuwahi kuisema hapa gazetini, leo naisema.

"Nilikuwa kwa daktari wa masikio," nikamwambia. "Hili la kushoto, lile zima, linakufa. Ndiyo maana ukiniita siitiki. Nilikwenda kupimwa, na anayepimwa masikio lazima avue mashine. Lehemu alinisindikiza kwa sababu nikiivua siwezi kusikia jina langu likiitwa. Nilificha kwako kwa sababu ungelia. Nilificha kazini kwa sababu hakuna anayempa kiziwi mradi wa kuongoza."

Alivua miwani. Kwa kitambo kidogo nilidhani yamekwisha. Kisha akatikisa kichwa.

"Niliposikia umeivua mashine nililiwaza hilo, nikampigia daktari wako. Akasema hujakanyaga kwake tangu mwaka jana."

"Si huyo. Yule ni rafiki wa familia yenu, angekwambia. Nilikwenda kwa mwingine, mji wa pili."

"Nionyeshe karatasi."

"Karatasi zina jina la marehemu shangazi yangu. Sikutaka bima ya kazini ijue."

Alicheka, kicheko kibaya ambacho sijawahi kumsikia nacho. "Kwa hiyo shahidi wako ni marehemu."

Mtu aliyezoea kushuku ukimpa ukweli anaupima kama sarafu ya bandia. Najua, kwa kuwa nami ndivyo nilivyokuwa nimewafanyia wenzangu. Sikuwa na pa kumlaumia.

Akafungua droo, akatoa flashi ndogo ya bluu.

"Zote zimo humu, na saa zake. Naijua Sinia yako na matundu yake, nimeisikia ikizaliwa kabla ya hao majirani zenu. Ukitaka haki yako kesho, ndiyo hii."

Nikanyoosha mkono. Akafunga ngumi.

"Nimekudharau wewe, nimejidharau na mimi. Siwezi kuendelea hivi. Mlete Lehemu. Akae hapo, aseme mbele yangu siku ile mlikuwa wapi, bila wewe kumpa maneno. Nikiona anasema kweli, flashi ni yako na kesho nakwenda nawe kikaoni, nikaseme niliyoyafanya. Usipomleta, naivunja. Sitaki dunia isikilize kikaoni siku ambayo mke wangu alininyamazia."

"Kazi yangu yote hii, baba watoto. Utaivunja kwa wivu?"

"Mlete," akasema. "Ni neno moja tu la mtu mmoja."

Umdhaniaye ndiye, kumbe siye. Mwizi niliyedhani ni Lehemu alikuwa mezani kwangu akisahihisha mitihani, mwingine alikuwa akiniletea chai. Na yule niliyemfukuza mbele za watu ndiye sasa aliyebaki kuniokoa.

Nilivaa mashine yangu tena, tupu, safi, nikaenda. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi. Nikayapanga, nikayapangua. Nitapiga magoti. Nitamwambia kazi yake inamsubiri, Bosi atakubali. Nitamwambia kwamba sikumshuku kwa ubaya wake, nilimshuku kwa sababu alinifaa wakati nilipokuwa dhaifu, na hilo ndilo lililonitisha. Hilo la mwisho nililiona ni kweli, likaniuma.

Anaishi nyumba ya safu, mlango wa pili, pazia la mistari. Mke wake alikuwa anaanua nguo. Aliponiona aliacha moja kwenye kamba, akaingia ndani bila kunisalimu.

Lehemu akatoka mwenyewe. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alinitazama kwanza sikioni, kisha usoni, kama alivyozoea, kuhakikisha ninasikia.

"Karibu, Injinia."

"Lehemu, nimekuja kukuomba radhi. Nimemjua mwizi. Si wewe, hukuwa wewe hata siku moja, na nitalisema hilo popote utakaponiambia."

"Ahsante," akasema. "Hilo nilikuwa nalijua, ila ni vizuri kulisikia."

"Na nina shida. Ile siku ya mvua. Daktari. Nakuomba uje nyumbani sasa hivi, umwambie mume wangu tulikuwa wapi. Ni hilo tu. Usipokuja, kesho nimeipoteza Sinia."

Alishuka kizingiti, akavuta pazia nyuma yake. Kwenye mwanga wa nje ndipo nilipoona mfuko wa lile shati. Ulikuwa na nembo ya jengo la vioo.

"Uliponifukuza nilizunguka kila mahali," akasema. "Kila nilipobisha wanauliza mbona ulitolewa kule. Habari ilinitangulia, Injinia, wewe ulisema kwa sauti kubwa. Wao peke yao hawakuuliza. Wakanipa kazi na karatasi ya kutia sahihi. Sina ruhusa ya kuzungumza nawe mpaka kesi iishe, wala kuingia nyumbani kwako."

"Ni neno moja tu, Lehemu."

"Nina watoto," akasema. "Na kesho nami nitakuwepo kikaoni. Wameniita nikaseme jinsi Sinia ilivyotengenezwa."

"Utasema ni ya nani?"

Alitazama pazia, upande alipokuwa mke wake, kisha akanitazama sikioni tena.

"Jibu la hilo ulinifundisha wewe mwenyewe, Injinia," akasema. "Kwamba aliyebeba siri moja anaweza kuuza ya pili. Uliniambia siku unanifukuza, ulidhani umelisema moyoni. Ulikuwa umelisema kwa mdomo. Siku hizi hujisikii unapoongea."